"Get to the bottom of": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nahau hii haina neno gumu hata moja. Get, to, the, bottom, of: hata anayeanza kujifunza Kiingereza anayajua yote matano. Lakini yakishakaa pamoja, wengi huteleza. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa mara nyingi na wanafunzi, wafasiri wanaoanza na watu wanaoandika tafsiri za filamu.

Maana yake ni nini hasa?

Ni kujua chanzo halisi cha jambo lililokuwa limefichika, baada ya kulisaka. Kuna jambo lisiloeleweka, kuna mtu anayehangaika nalo, na kuna kufika. Hilo la kufika ndilo watu hulisahau. "Get" katika nahau hii haimaanishi "pata" kama unavyopata barua. Ni kufika mahali. Mtu aliyechunguza jambo miaka 10 asipate jibu, Mwingereza hawezi kusema "he got to the bottom of it". Alikuwa bado njiani.

Nichukue doa lililokuwa kwenye dari ya chumba changu. Mara ya kwanza nililipaka rangi, likarudi. Nikapaka tena, likarudi likiwa kubwa zaidi. Fundi akaja, akapanda juu, akaziba tundu aliloliona juu ya doa, akaondoka. Mvua iliyofuata doa likalowa vilevile. Fundi wa pili hakugusa doa. Alifuata ubao wa kenchi kwa tochi, taratibu, akiupapasa kwa vidole, mpaka upande wa pili kabisa wa nyumba, na huko akakuta msumari wa bati uliolegea. Maji yaliingilia pale, yakasafiri na ubao, yakaja kudondokea chumbani kwangu. Huyo wa pili ndiye "who got to the bottom of it". Wa kwanza alichunguza, hakuna anayembishia, ila hakufika.

Kwa nini "bottom"? Ni chini ya nini?

Picha iliyomo ni ya kitu chenye kina: kisima, mtungi, bahari. Juu unaona maji tu. Kilichozama kimelala kwenye sakafu yake, na kukiona lazima ushuke. Neno lenyewe ni la kale, katika Kiingereza cha zamani liliandikwa "botm", na tangu hapo limekuwa likimaanisha sehemu ya chini kabisa ya kitu.

Waingereza hawako peke yao. Wafaransa wanakwenda "au fond des choses", Wajerumani wanasema "einer Sache auf den Grund gehen", Wahispania "llegar al fondo del asunto". Wote wanashuka. Na muda mrefu kabla yao, mwanafalsafa Mgiriki Democritus aliacha msemo kwamba ukweli uko kilindini.

Kiswahili hakikatai picha hiyo, ndiyo maana tunasema "kuchunguza kwa kina". Lakini ukisikiliza jinsi tunavyozungumza kila siku, utaona sisi hatushuki sana. Tunaingia ndani, au tunarudi nyuma. Tunatafuta undani wa habari, kiini cha tatizo, chanzo cha ugomvi, chimbuko la desturi. Undani na kiini viko katikati ya kitu, chanzo na chimbuko ni pale kilipoanzia. Mwingereza akishuka kwa kamba, Mswahili anamenya tunda au anaufuata mto kurudi ulikotoka. Kwa hiyo anayefasiri neno kwa neno anambebesha msomaji picha ambayo hakuizoea.

Basi "kufika chini ya jambo" ni kosa?

Ni kosa, na si dogo. Nimewahi kutazama filamu ya upelelezi, askari akamwambia mjane kwa sauti nzito, na maandishi ya chini ya skrini yakasema: "Tutafika chini ya hili." Niliyekaa naye akauliza, chini ya meza?

Tatizo liko kwenye "chini ya". Kitu kilicho chini ya kisima kiko nje ya kisima, chini ardhini. "The bottom of the well" ni mle mle ndani, pale maji yanapoishia. Programu za kutafsiri hutupa "chini ya" kwa sababu zinaona "bottom" na "of" zikifuatana. Mtu mwenye masikio yake asizifuate.

Nitafsiri vipi basi?

Itategemea nahau imekaa wapi: mtu ameshafika, anajaribu kufika, au anaahidi kufika.

Akiwa ameshafika, neno langu la kwanza ni kubaini. "Investigators got to the bottom of the leak" ni "Wachunguzi walibaini chanzo cha uvujaji huo". Kubaini kuna ushindi ndani yake. Huwezi kubaini kitu mpaka kimekuwa bayana. Kugundua nako kunafaa, ila kugundua kunaweza kuja kwa bahati, mtu akajikwaa tu juu ya kitu. Kung'amua kunafaa pale jibu lilipopatikana kwa akili kuliko kwa miguu.

Akiwa njiani, Kiingereza huongeza "trying to" au "want to": "I'm trying to get to the bottom of this." Hapo sema "Najaribu kujua hasa kilichotokea", au "Natafuta kiini cha jambo hili". Katika mazungumzo, "Nataka kujua ukweli wa mambo" inatosha kabisa na haimchoshi mtu.

Akiwa anaahidi, "We will get to the bottom of this", wafasiri wengi huandika "Tutachunguza kwa kina". Hapa ndipo ninapogombana nao. Kuchunguza ni safari, aliyeahidi ameahidi kufika. Akisema "tutachunguza" kisha asipate kitu, hajavunja neno lake. Akisema "we will get to the bottom of this" asipate kitu, amelivunja. Tofauti hiyo ni kubwa, hasa katika habari. Afadhali "Tutahakikisha ukweli unajulikana" au "Hatutatulia mpaka tujue chanzo chake". Ni ndefu kidogo, lakini zina uzito ule ule.

Siwezi kutumia "kukata mzizi wa fitina"?

Watu wengi hulikimbilia hili kwa sababu lina mzizi, na mzizi uko chini. Lakini kukata mzizi wa fitina ni kumaliza ugomvi. Unaweza kuukata bila kujua nani aliyeanza: mmegawana, mmepeana mikono, yamekwisha. Na unaweza "get to the bottom of" ugomvi, ukajua kila kitu, na ugomvi ukabaki pale pale ukiwaka, pengine kwa ukali zaidi kwa sababu sasa kila mtu anajua aliyesema nini.

"Mbivu na mbichi zitajulikana" nalo linakaribia lakini halifiki. Mbivu na mbichi zinaweza kujijulisha zenyewe, siku ya matokeo, bila mtu kunyanyua kidole. "Kulivalia njuga jambo" ni juhudi tu, haisemi kama jibu limepatikana. Lililo karibu zaidi na nahau yetu, kwa maoni yangu, ni "kutegua kitendawili": kuna fumbo, kuna anayelifumbua, na kuna jibu. Kasoro yake ni kwamba lina ladha ya mchezo, na hutapenda kulitumia kwenye habari ya vifo.

Kuna tukio la kweli linaloonyesha maana yake vizuri?

Lipo moja ninalolipenda kwa sababu linaishia kisimani kweli.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka Soho, mtaa wa London, na kikaua watu zaidi ya 600 kwa wiki chache. Wakati huo wataalamu wengi waliamini ugonjwa huo unatokana na hewa chafu. Daktari John Snow hakuamini. Alichukua orodha ya waliokufa, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: mlikuwa mnachota maji wapi? Karibu vifo vyote vilizunguka pampu ya Broad Street.

Kilichomsadikisha zaidi ni waliokaa vibaya kwenye picha hiyo. Jirani tu na pampu kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na kipindupindu hakikuua hata mmoja, kwa sababu walikuwa wakipewa bia na kisima chao walikuwa nacho. Halafu kulikuwa na mjane aliyekufa Hampstead, mbali kabisa na Soho, kwenye mtaa usio na ugonjwa. Snow akaulizia. Kumbe mama huyo aliwahi kukaa Broad Street, aliyapenda maji ya pampu ile, na kila siku alikuwa akiletewa chupa yake. Mpwa wake aliyemtembelea aliyanywa, akarudi kwao Islington, akafa naye.

Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Wengi wanaosimulia kisa hiki wanaishia hapo, na ndipo wanapokosea. Snow mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua kabla mpini haujatolewa. Na swali moja lilikuwa halijajibiwa: uchafu uliingiaje kisimani?

Aliyelijibu ni kasisi wa pale pale mtaani, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni alikuwa akimpinga Snow. Aliwafahamu wakazi kwa majina, akawa anarudi kwenye nyumba zao tena na tena. Katika nyumba namba 40 alikuta habari ya mtoto mchanga aliyeharisha siku chache kabla ya mlipuko, akafa. Mama yake alikuwa akifua nepi na kumwaga maji katika shimo la majitaka lililokuwa mbele ya nyumba. Mwaka 1855 wakachimba. Shimo lilikuwa chini ya mita 1 kutoka kisimani, matofali yake yamelegea, na uchafu ulikuwa ukipenya.

Sasa unaweza kuitumia nahau kwa usahihi. "Snow found where the cholera was coming from" ni sentensi nzuri. "Between them, Snow and Whitehead got to the bottom of it" ni nzuri zaidi. Pampu ilikuwa njia. Chini kabisa kulikuwa na nepi.

Baada ya "of" linakuja nini?

Mara nyingi "this" au "it": "Let's get to the bottom of this." Linaweza kuja jina la jambo: "the mystery", "the problem", "the matter", "these rumours". Linaweza pia kuja fungu lenye neno la kuuliza: "get to the bottom of what happened", "of why the lights keep going out", "of how he got in".

Halimfuati mtu. "I will get to the bottom of John" haisemwi hivyo. Ukiwa na shaka na John, unatafuta ukweli wa alichofanya: "of what John did".

Usiiondoe "the" wala usiweke "bottoms". Usibadilishe "to" kuwa "at". Na kauli ya kutendwa, "the matter was got to the bottom of", inawezekana kwa kanuni, lakini sikio linaikataa. Geuza tu: "Someone finally got to the bottom of the matter."

"We've got to get to the bottom of this" na "We've got to the bottom of this" zina tofauti?

Zina tofauti ya mbingu na ardhi, na nimeona mfasiri mzoefu akizichanganya. Ya kwanza ina "get" mbili. "Have got to" ni lazima: "Ni lazima tujue chanzo cha jambo hili." Hawajajua bado. Ya pili ina "get" moja iliyoko katika wakati timilifu: "Tumeshajua chanzo cha jambo hili." Wamefika.

Wamarekani hujiepusha na mtego huu kwa kusema "We've gotten to the bottom of this" pale walipofika. Ukisikia "gotten", safari imekwisha.

Inatofautianaje na "find out"?

"Find out" ni kujua tu, kwa kitu chochote. Unaweza "find out what time the shop closes". Huwezi "get to the bottom of what time the shop closes" isipokuwa unatania, kwa sababu saa ya kufunga duka haina kina. Iko mlangoni, imeandikwa. Nahau hii inataka tatizo, utata au siri. Hata mambo mema huikataa: mtu akifaulu mtihani kwa sababu alisoma, hakuna cha kuzamia. Akifaulu na hakuingia darasani, basi mwalimu atataka "to get to the bottom of it". Ndiyo maana ya ule msemo, mpiga mbizi nchi kavu huchunua usowe, yaani huuchubua uso wake: pasipo na kina hapazamiwi.

"Figure out" inakaribia zaidi, ila ni kazi ya kichwa. Ukikaa na karatasi ukapata jibu la hesabu, "you figured it out". Hakuna aliyekuwa anakuficha.

Na misemo mingine yenye "bottom"?

Ipo mingi na haina undugu wa maana. "Go to the bottom" kwa meli ni kuzama, kwa hiyo badilisha "get" kuwa "go" ukiwa tayari kubeba matokeo. "Hit rock bottom" ni kufika pabaya kabisa maishani, pasipo na pa kushuka tena. "The bottom line" inatokana na mstari wa mwisho wa hesabu, ule unaoonyesha faida au hasara, na sasa ni neno la mwisho katika jambo. "From the bottom of my heart" ni kwa moyo wote.

Mmoja tu ndiye ndugu wa kweli: "be at the bottom of". "Jealousy was at the bottom of it" ni "Chanzo chake kilikuwa wivu". Hapa mtu hashuki kutafuta, kitu ndicho kilichokaa kule chini kikisababisha. Ukishafika, huyo ndiye unayemkuta.

"Get to the root of" na "get to the heart of" ni sawa nayo?

"Root" iko karibu sana, na kwa Mswahili ndiyo rahisi kuliko zote, mzizi ni mzizi. Huelekea zaidi kwenye matatizo yanayorudirudi, yale ambayo ukikata juu yanachipua. "Bottom" huelekea kwenye mafumbo na mambo yanayofichwa. "Heart" ni kitu kingine: ni kufika kwenye hoja kuu. Mwandishi anaweza "get to the heart of the matter" bila kugundua lolote jipya, amesema tu lile lililo muhimu.

"Leave no stone unturned" ni kutafuta kila mahali, kila jiwe kugeuzwa. Ni juhudi tupu. Unaweza kugeuza mawe yote usikute kitu.

Kwa nini viongozi wanaipenda sana?

Kwa sababu inasikika kama kitendo na haina tarehe. Siku ya kashfa, kabla mtu hajajua lolote, "we will get to the bottom of this" hujaza nafasi ya jibu. Nikiikuta kwenye wakati ujao, huwa naangalia kama imefuatana na jina la atakayechunguza na siku ya kuleta ripoti. Kama havipo, naifasiri kwa uaminifu kama ahadi na naiacha imdai aliyeitoa. Si kazi ya mfasiri kumpunguzia deni.

Hutamkwaje?

Mkazo wote uko kwenye "bottom". Maneno mengine hupita haraka, "get to the" ikisikika kama "getudha". Mwingereza hutamka "BOTam". Mmarekani hulainisha ile "t" ya katikati mpaka ikakaribia "BADam", ndiyo maana wanafunzi wengine hudhani wamesikia neno jipya.

Ni ya rasmi au ya mtaani?

Iko katikati. Inakubalika bungeni, kwenye magazeti na mezani nyumbani. Katika ripoti ya kitaalamu andika "determine the cause".

Nimesikia Waingereza wakicheka walipoitumia. Kulikoni?

"Bottom" ni pia neno la adabu la makalio. Daktari wa sehemu hizo akiahidi "to get to the bottom of the problem", chumba kizima kitacheka, na pengine amekusudia. Kiswahili nacho kinaijua njia hiyo: kitako cha chungu na tako la bunduki vimetoka mahali pale pale.